Bustani tulivu ya mjini yenye viwango tofauti: mwongozo kamili

Kiwanja cha mjini huwa na kero tatu zinazokuja pamoja: macho ya majirani, kelele za barabarani, na kuta zinazobana kila upande. Wengi hujaribu kuzimaliza kwa kuongeza vitu. Ua unarefushwa, vyungu vinapangwa hadi mlangoni, chemchemi inaletwa, taa za rangi zinafungwa. Bustani inajaa, na utulivu hauji.

Mwongozo huu unapita njia nyingine. Unaanza na mahali utakapokaa, kisha unashusha na kuinua ardhi kupazunguka hadi upate stara unayoitaka. Mimea, mawe na taa vinakuja baadaye, na vinakuwa vichache kuliko ulivyodhani.

Tazama hesabu yake. Mtu mzima akikaa kwenye kiti cha kawaida, macho yake huwa kama sentimita 120 kutoka chini. Akisimama hufika 160 hivi. Chukua ukuta wa mpaka wenye kimo cha sentimita 180. Ukishusha sehemu ya kukaa kwa sentimita 45, ukuta uleule unakuwa wa sentimita 225 kwa aliyekaa pale, na hujaongeza hata tofali moja. Upande wa pili, inua kitalu kwa sentimita 60 na upande mimea ya mita moja na nusu: majani yanafika zaidi ya mita mbili juu ya usawa wa awali, bila kusubiri miaka mingi yakue.

Mfano mzuri wa kazi hii uko katikati ya New York. Paley Park, iliyobuniwa na Robert Zion na kufunguliwa mwaka 1967, ni uwanja wa takriban mita 13 kwa 30 uliobanwa na majengo pande tatu. Unaingia kwa kupanda vidato vichache kutoka njia ya waenda kwa miguu. Ndani kuna ukuta wa maji yanayoporomoka kutoka mita 6, miti ya aina moja, kuta zilizofunikwa na mimea inayotambaa, na viti vyepesi ambavyo kila mtu anavihamisha apendavyo. Basi. Vidato vile vichache ndivyo vinavyomwambia anayeingia kwamba barabara ameiacha nyuma, na maji yanameza sauti ya magari. Kila nikisoma ramani yake ninashangaa jinsi walivyojizuia.

## Kaa kwanza, chora baadaye

Chukua kiti ukikalie katika kila sehemu unayoifikiria, asubuhi, mchana na jioni. Andika mambo manne tu: unaona nini, nani anakuona, unasikia nini, na jua liko wapi. Fanya hivyo kwa siku kadhaa, ikiwemo siku ya mapumziko, kwa sababu kelele za mtaa hubadilika.

Kujua kushuka kutakusaidia kiasi gani, kalia kigoda kifupi badala ya kiti. Macho yako yatashuka kana kwamba ardhi imeshuka. Mara nyingi dirisha la jirani lililokuwa likikukabili linapotea nyuma ya ukuta palepale. Kama bado linaonekana, mwombe mtu asimame mpakani na ufito mrefu, aupandishe taratibu hadi ncha yake ifunike dirisha hilo. Pima kimo cha ncha. Hicho ndicho kimo cha skrini (kizuizi cha kukinga macho) au mmea unaouhitaji, na unauhitaji pale pale tu, si kuzunguka kiwanja kizima.

Ingia pia ndani ya nyumba. Bustani ya mjini hutazamwa kupitia dirisha la jikoni au mlango wa sebule kwa saa nyingi kuliko inavyokaliwa. Ukishusha eneo kwa kina kirefu karibu na nyumba, kutoka ndani utaona ukingo wa shimo tu. Ukiinua kitalu mbele ya dirisha, utaziba kila kilicho nyuma yake. Chora mstari wa macho kutoka kila dirisha muhimu kabla hujaamua lolote.

## Pima miinuko

Hata kiwanja kinachoonekana tambarare huwa na mteremko. Huhitaji mashine ya gharama kuugundua. Mafundi hutumia mpira wa maji, na ukitumiwa kwa uangalifu unatoa vipimo vya kuaminika.

Tafuta mpira mwembamba unaopitisha mwanga, wenye urefu wa mita 10 hadi 15. Ujaze maji taratibu kutoka kwenye ndoo iliyoinuliwa hadi mapovu yote yatoke. Povu moja lililonasa katikati linatosha kuharibu kila namba utakayoandika, kwa hiyo uupitishe mkononi wote kabla ya kuanza. Ncha moja ifunge kwenye kigingi kilichosimama mlangoni; nyingine ishikwe na mwenzako kwenye kigingi cha pili. Maji yakitulia, yatakuwa usawa mmoja pande zote mbili. Weka alama kwenye vigingi vyote, kisha pima kutoka alama hadi ardhini. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo tofauti ya kimo.

Kizingiti cha mlango kiite sifuri. Kila kipimo kingine kiandikwe kwa kulinganishwa nacho: toa 12, toa 30, jumlisha 25. Pima kila baada ya mita moja au mbili, kisha hamishia namba kwenye karatasi ya miraba kwa skeli ya 1:50, ambapo sentimita 2 kwenye karatasi ni mita moja ardhini. Onyesha pia vifuniko vya maji taka, mabomba, nyaya, miti iliyopo na uwazi mwembamba zaidi wa kuingilia. Toroli isipopita, kila ndoo ya udongo itabebwa mkononi kupitia sebuleni.

Halafu chora mkato, yaani ardhi inavyoonekana ukiikata wima kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma. Mchoro huu wengi huuruka, nami ningewasihi wasiuruke. Ramani inayotazamwa kutoka juu haikuonyeshi stara, mkato unakuonyesha. Chora mtu aliyekaa, mwekee mstari wa macho, uone unagonga wapi.

## Amua viwango vingapi, na kila kimoja ni cha nini

Kwa eneo dogo viwango vitatu vinatosha: kimoja kinachotoka nyumbani, kimoja cha kukaa, kimoja cha mimea. Zaidi ya hapo bustani inakuwa ngazi tupu. Visilingane ukubwa, kimoja kiwe bwana, vingine vimfuate. Viwango vitatu vilivyogawanywa sawa kwa sawa hulifanya eneo lionekane dogo zaidi, kwa kuwa jicho halijui litulie wapi.

Vipimo vya kuanzia ni hivi: meza ya watu wanne inataka mita 3 kwa 3, ili kiti kivutwe nyuma bila kuanguka kwenye kitalu. Benchi na meza ndogo ya chai vinatosha kwenye mita 2 kwa 2.5. Njia ya mtu mmoja iwe na sentimita 90. Ya wawili wakitembea bega kwa bega, 120.

Tofauti kati ya kiwango na kiwango isiwe kidato kimoja. Kidato kimoja hakionekani vizuri na watu hujikwaa. Viwili au vitatu hutangaza kwamba hapa unahama. Ninapendekeza sentimita 45 kwa sababu ya faida mbili kwa mpigo. Ni vidato vitatu vya sentimita 15, na ni kimo cha kiti. Ukuta unaoshikilia udongo wa kiwango cha juu unakuwa benchi kwa walio chini, ilimradi uwe na upana wa sentimita 35 hadi 45 juu. Viti vingi vinaondoka kwenye orodha yako hapo hapo.

Kosa la kuepuka ni kuinua mahali pa kusimama karibu na mpaka. Ukijenga jukwaa la mbao la sentimita 60 kando ya ukuta wa jirani, kichwa chako kinapita juu ya ukuta: wewe unachungulia kwake na yeye anakuona wewe. Inua mimea mpakani, shusha watu katikati.

Kwenye kiwanja tambarare, udongo unaouchimba upate kazi humo humo. Eneo la kukaa la mita 3 kwa 3 linaloshuka sentimita 45 linachimbwa hadi kama 60, kwa kuwa tabaka la kokoto na mawe ya sakafu linahitaji sentimita 15 hivi. Hiyo ni mita za ujazo 5.4. Udongo ukichimbwa huvimba, mara nyingi kwa robo au zaidi, hivyo utakuwa na karibu mita za ujazo 7. Kitalu chenye urefu wa mita 10, upana wa mita 1.2 na kimo cha sentimita 60 kinameza mita za ujazo 7.2. Umechimba, umejaza, na hakuna lori lililoitwa. Ila tenga udongo wa juu, ule mweusi wa sentimita 15 hadi 30 za mwanzo. Urudishe juu ya kitalu mwishoni. Ule wa chini ukae chini.

Mti mkubwa uliopo usizikwe. Mizizi mingi inayolisha mti iko karibu na uso wa ardhi, na kuongeza udongo juu yake au kukizunguka kigogo kunaunyima hewa mpaka ufe polepole. Uache kwenye usawa wake, upange viwango vingine kuuzunguka.

## Maji ya mvua yaamuliwe kabla ya jambo jingine lolote

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 50 inamwaga lita 450 kwenye eneo la mita 3 kwa 3, na ikiwa eneo hilo limeshuka, litapokea pia maji ya viwango vya juu. Jibu swali la yanakokwenda sasa, wakati bado ni karatasi.

Chimba kishimo cha sentimita 30 kila upande, pale chini kabisa utakapofika. Kijaze maji, yaache yanywewe, kijaze tena, ndipo uanze kuhesabu saa. Maji ya mara ya pili yakiisha ndani ya saa chache, shimo la kunyonyea maji lililojazwa mawe litakufaa. Liweke angalau mita 5 kutoka kwenye msingi wa nyumba. Yakiwa bado yapo kesho yake, udongo wako ni mfinyanzi mzito. Hapo badilisha mpango: badala ya kushuka, inua vitalu na skrini kuzunguka mahali pa kukaa palipobaki kwenye usawa wa kawaida. Stara utaipata ileile, na miguu itabaki mikavu. Kama unaweza kuunganisha na mfereji wa maji ya mvua, hakikisha kwa mamlaka husika kwamba ni wa mvua na si wa maji taka.

Kila sakafu ipewe mteremko wa sentimita 1.5 hadi 2 kwa kila mita, ukielekea mbali na nyumba au kwenye mfereji mwembamba wenye wavu. Jicho haliuoni mteremko huo, maji yanauona. Sakafu au udongo unaogusa nyumba ubaki angalau sentimita 15 chini ya tabaka linalozuia unyevu ukutani. Ukilifukia, unyevu utapanda hadi ndani.

## Kuta za kushikilia udongo

Sehemu hii isome mara mbili. Ukuta wa bustani wa viwango haubebi uzito wake tu. Unasukumwa mchana na usiku. Mita moja ya ujazo ya udongo uliolowa ina uzito wa karibu kilo 1,800 hadi 2,000, na maji yakinaswa nyuma ya ukuta, msukumo wake unajumlishwa juu ya ule wa udongo. Kuta nyingi zinazoinama au kupasuka hazikukosa saruji. Zilikosa njia ya kutolea maji.

Kwa ukuta mfupi, wa hadi sentimita 60, ujenzi wa kawaida ni msingi wa zege uliokwenda chini hadi kwenye udongo usiochezewa, na ukuta mzito wa mawe au matofali ya zege. Ukuta wa mawe unaosimama kwa uzito wake uwe na kitako chenye upana wa nusu hadi theluthi mbili ya kimo chake, na uegemee kidogo kuelekea kwenye udongo. Nyuma yake usirudishe udongo moja kwa moja. Weka kwanza kokoto safi kwa unene wa sentimita 30, kuanzia chini hadi karibu na juu. Kati ya kokoto na udongo tandaza kitambaa cha kuchujia, kile kinachopitisha maji na kuzuia matope. Chini kabisa laza bomba lenye matundu, likiteremka sentimita moja kwa kila mita hadi mahali pa kutolea maji. Juu kidogo ya usawa wa sakafu, acha matundu ya kutolea maji ukutani kila baada ya mita moja na nusu hivi.

Hapo kwenye tundu ndipo kazi nyingi huharibikia. Fundi analiacha tundu vizuri, kisha anapojaza udongo nyuma, matope yanaingia na kukauka ndani. Kwa nje bado linaonekana zima. Kabla ya kujaza, funika mdomo wa nyuma wa kila tundu kwa kipande cha kitambaa cha kuchujia, na kokoto kubwa kubwa upande wa udongo. Ukimaliza, mimina ndoo ya maji kwenye kokoto. Yasipotoka upande wa mbele, fukua leo.

Ukuta unaozidi mita moja, au wowote uliobeba sakafu, gari au nyumba juu yake, ni kazi ya mhandisi, na sehemu nyingi unahitaji kibali. Ukitaka kupanda mita moja na nusu bila kuingia huko, gawa katika kuta mbili fupi zenye kitalu kati yake. Umbali kati yao uwe angalau mara mbili ya kimo cha ukuta wa chini, la sivyo ule wa juu unauelemea wa chini. Kwa macho pia ni bora: kuta mbili fupi zenye majani katikati zinatuliza, ukuta mmoja mrefu unatisha.

Na ukuta wa mpaka usigeuzwe ukuta wa kushikilia udongo. Ulijengwa ujibebe wenyewe. Kitalu chako kilichoinuliwa kiwe na ukuta wake wa nyuma, na uache nafasi kati yake na mpaka ili hewa ipite na udongo usiegemee kwa jirani.

Ikiwa bustani iko juu ya paa au roshani, simama hapa umwite mhandisi kabla ya kununua hata chungu. Sentimita 30 za udongo uliolowa ni zaidi ya kilo 500 kwa mita ya mraba, ilhali sakafu nyingi za makazi hukadiriwa kubeba kilo 150 hadi 200 za ziada kwa eneo hilo. Viwango vya juu ya paa hujengwa kwa majukwaa mepesi ya mbao na udongo uliochanganywa na vitu vyepesi kama pamisi au perlaiti, vizito vikikaa juu ya nguzo na kuta.

## Vidato vinavyopunguza mwendo

François Blondel, msanifu majengo wa Ufaransa wa karne ya 17, aliacha kanuni inayotumika hadi leo: kimo cha kidato mara mbili, jumlisha upana wa kukanyagia, iwe sawa na hatua ya mtu. Siku hizi huchukuliwa sentimita 60 hadi 65. Ndani ya nyumba watu hutumia vidato virefu na vyembamba ili kubana nafasi. Nje fanya kinyume: kimo cha 15 na upana wa 35, au kimo cha 12 na upana wa 40. Mguu hauhimizwi, na mwili wenyewe unapunguza kasi.

Vidato vyote vya ngazi moja viwe na kimo kimoja kabisa. Tofauti ya sentimita moja tu inatosha kumkwaza mtu, kwa sababu mguu hukariri kidato cha kwanza. Ngazi iwe pana kuliko unavyofikiri, hata mita moja na nusu. Watu watakaa juu yake. Ukingo wa jiwe utokeze sentimita mbili mbele ya ukuta wa kidato, ili kivuli chembamba kijitokeze chini yake. Kivuli hicho kinafanya jiwe zito lionekane limeelea, na kinaonyesha wazi kidato kinapoishia. Anayetumia kiti cha magurudumu anahitaji mteremko usiozidi sentimita moja ya kupanda kwa kila sentimita 12 za mwendo. Sentimita 45 zinadai njia ya mita 5.4, kwa hiyo ipangwe tangu mwanzo.

## Vifaa vitatu, basi

Chagua jiwe au zege moja, mbao moja, changarawe moja. Mwonekano wa kisasa unaoutuliza moyo unatokana na kurudia, na pia na viungo vilivyonyooka. Mstari wa sakafu uangukie kwenye ukingo wa kidato. Ukingo wa kidato ulingane na mwisho wa kitalu. Ukirekebisha vipimo vya eneo ili mabamba yaingie mazima bila vipande vilivyokatwa, umefanya kazi kubwa kuliko kununua jiwe la bei.

Mbao za jukwaa ziachane milimita 5, zikae juu ya boriti zilizopangwa kila sentimita 40, na nguzo zisiguse udongo. Changarawe ya kutembelea iwe tabaka la sentimita 5 juu ya kokoto zilizoshindiliwa. Ikizidi, mguu unazama. Kuta nyeupe kwenye jua kali huumiza macho. Mimi hupendelea kijivu kizito au rangi ya udongo: ukuta unarudi nyuma na kijani kinatokea mbele.

## Kelele na maji

Majani hayazuii kelele kama watu wanavyoamini. Safu nyembamba ya mimea inaficha gari, haifichi sauti yake. Kinachosaidia ni kizuizi kigumu kisicho na upenyo, kinachokata mstari kati ya sikio na gari. Mstari huo ukikatwa tu, kelele hupungua kwa karibu desibeli 5, na hapa ndipo kushuka kwa sentimita 45 kunapokufaa tena: ukuta uliokuwa haukati mstari sasa unaukata.

Kilichobaki kifunikwe na maji. Hayaondoi kelele, yanalipatia sikio kitu kilicho karibu zaidi cha kusikiliza, hivyo yawe hatua mbili au tatu kutoka kwenye kiti. Tumia tofauti ya viwango iliyopo: maji yateleze kutoka ukuta wa juu hadi bwawa la chini, sentimita 30 hadi 45. Kwa utando mwembamba wa maji, pampu inahitaji kutoa kama lita 100 hadi 150 kwa saa kwa kila sentimita ya upana wa mdomo. Mdomo wa sentimita 40 unataka lita 4,000 hadi 6,000. Nunua pampu yenye nguvu kidogo zaidi na valvu ya kupunguzia, kwani mlio wa maji hubadilika sana kwa mzunguko mdogo wa valvu, na utautafuta ukiwa umekaa pale pale kitini.

Bwawa likiwa na ndani nyeusi huakisi anga hata likiwa na kina cha sentimita 30. Kama watoto wadogo hufika hapo, weka wavu imara wa chuma sentimita chache chini ya uso wa maji. Mtoto huzama hata kwenye maji machache. Pampu ikizimwa kwa wiki moja mbu wataanguliwa, kwa hiyo iendeshe kila siku au ufuge samaki wadogo.

## Mimea

Kiwango cha juu hukauka upesi na kupata upepo. Cha chini hubaki na kivuli na unyevu, na kwenye nchi za baridi hukusanya hewa baridi usiku. Chagua mimea kwa hali hizo kabla ya kuangalia maua. Nyasi za mapambo, lavenda na rozimari hupenda juu. Kangaga na mimea yenye majani mapana hupenda chini.

Kina cha udongo: sentimita 30 kwa nyasi na maua, 45 hadi 60 kwa vichaka, 90 kwa mti mdogo. Aina tano hadi saba zinatosha bustani nzima, zikirudiwa kwa makundi katika kila kiwango ili jicho lipande na kushuka bila kukwama. Mti mmoja wenye mashina kadhaa, ukiwekwa kati ya kiti na dirisha linalokukera badala ya kusukumiwa pembeni, unafanya kazi ya skrini nzima.

Mianzi hukua haraka na sauti yake kwenye upepo ni nzuri, lakini chagua ile inayoota kwa vichaka. Inayotambaa chini kwa chini itapenya kwa jirani na kuinua sakafu yako, isipokuwa imezungushiwa karatasi nzito ya plastiki yenye kina cha sentimita 60 hadi 70. Panda asumini au mmea mwingine wa harufu kwenye kitalu kilichoinuliwa nyuma ya benchi: ua linakuwa usawa wa pua ya aliyekaa.

## Taa na mpangilio wa kazi

Taa ziwe chache, za volti 12, zenye mwanga wa rangi ya joto wa kelvini 2,700 (kipimo cha rangi ya mwanga), na balbu isionekane. Anza na vidato kwa usalama, kisha mti mmoja kutoka chini. Mahali pa kukaa paache na giza kidogo.

Kazi ifuate mpangilio huu, kwani kuurudia ni gharama: kubomoa, kutenga udongo wa juu, kuchimba, mabomba ya kutolea maji, mirija ya nyaya na ya umwagiliaji chini ya kila sakafu na ngazi (weka na ya akiba), misingi, kuta, kujaza kwa tabaka za sentimita 15 zinazoshindiliwa moja moja pale patakapobeba sakafu, vidato, sakafu, mbao, udongo wa kupandia, mimea, taa. Udongo wa kitalu wenyewe usishindiliwe. Ujaze mpaka upite ukingo kwa sentimita chache, kwa kuwa utashuka.

Umwagiliaji wa matone ugawe kwa viwango, kila kimoja na valvu yake. Ukitumia laini moja kwa vyote, cha juu kitakuwa na kiu huku cha chini kikioza, na mwishoni mwa mwagilio maji yaliyobaki ndani ya mpira yote yatashukia chini. Vitoneshi (vidude vinavyotoa matone) vyenye kizuizi kinachozuia maji kuvuja mpira ukizimwa huondoa shida hiyo. Baada ya mvua kubwa za kwanza, zunguka utazame kila tundu la ukuta kama linatoa maji, na ongeza udongo na matandazo palipozama. Kitalu kipya huendelea kushuka kwa mwaka mzima, kwa hiyo acha mfuko mmoja au miwili ya mboji ya akiba.